Akaunti Yangu Imefungwa Tena

Usa River, Ijumaa, Desemba 2006. Mwaka wa arobaini na mbili tangu nitoke Pemba.

Asubuhi Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mchana ukajifunika, joto likabaki huku chini na sisi.

Wiki nzima kompyuta ya ofisini imenikataa. Naandika jina langu, naandika neno la siri, inanijibu kwamba akaunti imefungwa. Godlisten, fundi wa mtandao, huja kuifungua kwenye seva, nafanya kazi mpaka jioni. Kesho yake imefungwa tena.

Sababu nilishaijua. Au nilidhani naijua.

Shamba letu la maua lilikuwa shamba la kahawa la serikali nilipoajiriwa ukarani. Alipokuja mwekezaji niliona wenzangu wanavyoondolewa. Hakuna aliyefukuzwa kwa maneno. Mmoja alikuta meza yake imehamishiwa koridoni, mwingine akakuta kitasa cha stoo kimebadilishwa. Sasa mkataba wangu unaisha mwezi huu, na afisa utumishi, Elifuraha, amekuwa akiniuliza kama bado nina ndugu Pemba. Anauliza huku anatabasamu. Aliporudia swali hilo nilibadilisha neno la siri. Siku iliyofuata ndipo matatizo yalipoanza.

Niliandika polepole, herufi kwa herufi. Nikakagua kitufe cha herufi kubwa. Nikajaribu kwenye kompyuta ya mhasibu. Godlisten akabadilisha waya, nami nikamtazama mikono muda wote, maana naye bosi wake ni Elifuraha.

Jana akanionyesha kumbukumbu za seva. Kuna mtu anajaribu kuingia kwa jina langu kila asubuhi, anakosea mpaka mfumo unafunga. Anatumia kompyuta yangu mwenyewe, kabla sijafika.

Leo nimefika walinzi wakibadilishana zamu, nikajibanza nyuma ya kabati la mafaili, mzee mzima. Nilitarajia kumwona Elifuraha.

Aliyeingia ni Mama Nuru, katibu muhtasi wetu. Akaweka chupa ya chai mezani kwangu, akafuta vumbi, akawasha kompyuta, akaanza kubonyeza.

"Unafanya nini hapo?"

"Yesu wangu! Babu, utaniua! Shikamoo. Si nakuwashia? Ulipolazwa hospitali ya Nkoaranga kwa ajili ya macho ulinipa neno lako la siri nikutolee oda za maua. Tangu hapo nakufungulia kila asubuhi, usije ukakaa kusubiri mashine."

"Na mbona hukusema inakukataa?"

"Nilijua umebadilisha? Nilidhani nakosea mimi. Kila siku nasema leo nitapatia. Halafu mtu mzima namwulizaje siri yake?"

Watu wa huku hawamwachi mkubwa akute jiko halijawashwa. Nimeishi nao miaka yote hii, nimekunywa chai ya jiko hilo, na sikuwaza kwamba kompyuta nayo ingewashwa hivyo hivyo.

Godlisten alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, mwizi wako anakuja na chai!"

Mimi sikucheka. Nilimwomba Mama Nuru aendelee kuwasha mashine, neno niandike mwenyewe. Akasema sawa, lakini uso ulimshuka. Nadhani alifahamu kwamba nilikuwa nimejificha kumvizia mtu.

Kisha nikaenda kwa Elifuraha, nikamwuliza waziwazi habari za mkataba wangu.

"Tutaangalia, mzee wangu," akasema, akitabasamu. "Kwani kule kwenu hukuacha hata kiwanja?"

Kumbe sikukosea kuhofu. Nilikosea tu aliyekuwa akiifunga akaunti.

Nilimjibu kwamba kiwanja kipo, na mikarafuu ipo, inachumwa na watu nisiowajua. Hakuna anayenikumbuka kule. Wanaonijua wako hapa, yeye akiwa mmoja wao. Akaacha kutabasamu, akashika simu ambayo haikuwa imelia.

Wakiniongezea mkataba, nitafanya kazi. Wasiponiongezea, nitakaa hapa Usa River bila kazi.

Pemba sitarudi.