Ukurasa Niliouruka Nikimsomea Mama

Mshauri, shikamoo. Nina shida na naomba unisaidie, ila tafadhali usinicheke, mimi ni mtu wa aibu, hata darasani mwalimu akinitaja jina natamani dawati linimeze.

Nina miaka kumi na tano. Mama yangu ni fundi wa vioo vya madirisha, anachora mstari mmoja tu, anagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana kama kimeambiwa, mpaka leo nikimtazama nabana pumzi. Mwezi uliopita alininunulia simu janja yangu ya kwanza, akaigeuzageuza, akaigonga kwa ukucha, akasema, "Kioo chembamba, lakini aliyekikata anajua kazi. Haya, nionyeshe milango yake tuifunge." Sasa mipangilio yote ilikuwa katika lugha tunayosomea shuleni, ambayo mama haijui, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea, naye kaweka kidole chini ya kila mstari, "Na hapa panasema nini?", saa nzima, wateja wanangoja, tukaweka muda wa kutumia, tukafunga mambo ya wakubwa, tukaweka kwamba sipakui kitu bila idhini yake, mpaka tukafika ukurasa wa kuzuia watu nisiowajua wasiniandikie, na hapo, mshauri, nikasema, "Hizi ni rangi za skrini tu, mama." Akacheka. "Rangi hazijamuua mtu. Pita." Kisha akaniambia nigeukie ukutani aweke namba ya siri, nikageuka kweli, sikuchungulia hata kidogo.

Nilifanya vile kwa sababu nilitaka kujiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaotazama anga. Sijui nikuelezeje. Humo nimeona pete za sayari zimetulia kama zimepigwa pasi, nimejifunza kwamba zipo nyota ambazo mwanga wake ninaouona leo ulianza safari kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa, na siku hiyo nilisimama uani na ndoo mkononi mpaka mama akauliza, "Wewe, umegeuka nguzo?" Mtu mmoja wa kundi lile akaanza kuniandikia pembeni, anasema ana miaka kumi na saba, ananifundisha vizuri kuliko kitabu, nami ambaye sizungumzi na mtu nikawa nazungumza. Nikamtajia shule yangu. Wiki iliyopita akaandika, "Nitumie picha ukiwa na sare, nijue namfundisha nani. Wenzako usiwaambie, hawatuelewi." Juzi akauliza tunatoka shule saa ngapi.

Na bado. Mama amejisifu kwa wateja, "Simu ya binti yangu haina ufa, yeye mwenyewe alinisomea," basi kina mama watatu wameleta simu za watoto wao niwafungie, mama kasimama pembeni anatabasamu, na zote tatu nimeuruka ukurasa uleule, maana ningeufungua angeuliza mbona kwetu hatukuuona. Mmoja wa watoto hao ana miaka kumi na miwili.

Nifanye nini bila mama kujua kwamba nilimdanganya? Yeye husoma ukurasa wako kila Jumamosi, gazeti kalitandaza juu ya meza ya kukatia.

Msomaji wa Mama

*

Msomaji wa Mama,

Marahaba. Njia ya kufanya haya bila mama kujua haipo, na hata ingekuwepo nisingekupa. Kama gazeti limeshatandazwa, inuka sasa hivi, mwambie wewe mwenyewe kabla hajafika kwenye mistari hii.

Kwanza huyo mtu. Anayefundisha nyota hahitaji sare yako wala saa ya kutoka shule. Miaka kumi na saba ni maneno yake tu. Usimjibu tena, hata kumuaga, lakini usifute neno hata moja. Mpe mama simu ilivyo. Mzuieni pamoja, kisha Jumatatu mama akupeleke kwa mwalimu mkuu, na kutoka hapo polisi, mkiwa na ujumbe wote. Mpaka hapo hutembei peke yako kutoka shule. Sikutishi, mwanangu. Kosa la kuuliza yale maswali ni lake, si lako.

La kwako ni lile lingine, na hapo nitakusema. Mama wa watu ameacha wateja wamesimama, kaweka kidole chini ya maneno asiyoyajua, akaamini kila ulichomwambia. Mimi nina shahada ukutani na sijawahi kumsikiliza mtoto wangu saa nzima hivyo. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa ajili yake. Na wewe ukamwambia rangi! Kisha ukawaachia watoto wa wenzako tundu lilelile ili usiulizwe swali. Leo hiihii, wewe na mama, piteni nyumba zote tatu. Anzeni kwa huyo wa miaka kumi na miwili. Aibu utaisikia, haijavunja mguu wa mtu.

Anga sikunyang'anyi. Mwambie mama kuhusu lile kundi, mwonyeshe pete hizo. Mkubaliane wazi atakachokitazama: orodha ya wanaokuandikia, kila wiki, ukiwa umekaa naye. Kunyatia simu yako kwa siri asifanye, na wewe kumficha mtu usifanye. Namba ya siri ibaki kichwani mwake.

Jambo la mwisho, ambalo sijui kama ulilijua ukanyamaza au hukulijua. Mama anayesoma gazeti hili anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na simu nyingi siku hizi zina Kiswahili ndani. Fungua mipangilio, tafuta lugha, ibadilishe. Atakasirika, mwache akasirike mpaka amalize. Akishanyamaza, mwekee simu mkononi, arudi mwanzo, asome kila ukurasa mwenyewe kwa sauti.

Wewe kaa kimya, usikilize.