Sweta la Kipupwe Limefika Maskati

Mama yangu, nakushika miguu.

Nimefika salama, ila nna ugomvi na wewe. Ulisema mwezi wa saba ni kipupwe, ukanitilia sandukuni lile sweta zito ulilolifuma mwenyewe. Mama, kipupwe kimebaki huko Unguja! Hapa Maskati ukuta unachoma mkono, na maji ya mtungini ni ya kutia majani ya chai ukanywa.

Shangazi alipoliona sweta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalirovya maji, akauvisha mtungi, mikono ya sweta akaifunga shingoni mwa mtungi, akauweka dirishani penye upepo. Alasiri tukanywa maji baridi, meno yakaniuma kwa raha. Sasa majirani wanapiga hodi na vikombe mkononi: "Tupe maji ya mama yako!"

Najua una hamu ya kuja, lakini usije sasa. Ngoja mwezi wa kumi na mbili, jua likishapoa, tukae uwani tule halwa ya moto. Nawe njoo na sweta jingine, maana baridi ikiingia sitathubutu kuuvua mtungi nguo.

Nakubusu mikono yako inayofuma.
Mwanao, Salma