Mama, Nasomea Ukalimani wa Lugha ya Alama

Mama,

Tangu ututoke sijapata mtu wa kuniita kwa jina langu. Hapa mtaani Xiaobei, huku Uchina, Waswahili wananiita Zuhura, wateja wananiita dada, Wachina wa dukani wananiita laoban, bosi, kana kwamba mimi ndiye tajiri. Lile la alama ulilonipa kwa mkono wako, kidole kwenye kishimo cha shavu, halina tena wa kuliita. Naliita mwenyewe mara mojamoja. Haliwi lile.

Ulipozidiwa kule Temeke nilikuwa huku. Shangazi akakushikia simu, nikakuona. Ukainua mkono mmoja tu, ukaniuliza kama nimekula. Nikakujibu ndiyo. Basi. Hayo ndiyo yakawa maneno yetu ya mwisho.

Asubuhi bado nafunga mizigo ofisini kwa watu wa kago, lakini mchana nakwenda darasani. Nasomea ukalimani wa lugha ya alama, Mama. Mwalimu wetu ni mama wa Kichina, kiziwi kama wewe, na akicheka mabega yanatangulia. Alama zao si zetu kabisa. Nikisahau ya kwao, mikono yangu inakimbilia zako. Siku moja aliniuliza nimezitoa wapi, nikamwambia kwa mama yangu. Akaniomba nimwonyeshe unavyosema "mvua". Nikaanza, vidole vikashuka nusu, nikashindwa. Akanisubiri tu.

Mwezi uliopita aliugua Mwanaidi, kiziwi wa Mombasa aliyekuja kununua viatu soko la Zhanxi. Wifi yake anaishi hapa na Kichina anakijua, ila alama zake ni za kula, kulala na twende. Akaja kuniomba nifuatane nao hospitali. Niliogopa, bado mwanafunzi, lakini hakukuwa na mwingine. Alama za Kenya zinapishana na zetu hapa na pale. Tulipopotezana tulirudia polepole.

Daktari akasema kuna uvimbe kwenye kizazi, apasuliwe upesi, na huenda asipate mtoto tena. Kabla sijaanza, wifi akanishika mkono.

"Hilo la mtoto usimwambie."

Mkono, Mama. Ni sawa na kuzibwa mdomo. Nikakukumbuka kliniki, mimi mdogo nimekaa katikati yako na daktari, nawe unaniambia: "Nipe yote. Kuchagua ni kwangu." Nikautoa mkono wangu taratibu. Nikamweleza Mwanaidi yote, mpaka hayo ya wifi.

Alimtazama wifi yake. Kisha akamgeukia daktari, akauliza kama anaweza kusubiri afike nyumbani. Daktari akasema kusubiri ni hatari. Mwanaidi akakubali. Baada ya hapo ndipo akalia, na wifi akalia naye. Mimi nililia kwenye treni, nimesimama katikati ya watu.

Upasuaji ulikwenda salama. La mtoto bado halijulikani. Wifi ameanza kujifunza alama, na ya kwanza aliyoniomba ni "samahani".

Juzi nilimsindikiza Mwanaidi uwanja wa ndege wa Baiyun. Pale pa ukaguzi kioo kilitutenga na wasafiri; wasindikizaji wenzangu walibaki wakichezesha midomo, sauti hazipiti. Sisi tuliendelea. Mwanaidi alinilalamikia uzito wa begi, akamsengenya askari mwenye masharubu, akaniambia nije Mombasa nimwone akiwa mzima. Tulizungumza hivyo mpaka foleni ikamgeuza.

Nilibaki pale, Mama, nikitamani kati yangu na wewe kuwe na kioo tu.

Nikuage sasa. Mungu akupe utulivu huko uliko. Mtihani nitaufanya, na ukinishinda nitaurudia. Nakuahidi, pale nitakapokuwepo, hakuna kiziwi atakayekaa mbele ya daktari akisoma nyuso za watu ili ajue habari zake mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura