Taji Moja la Malkia wa Nyuki

Jumatatu, 3 Juni

Imeamuliwa! Sherehe ni Jumamosi, na itakuwa ya nyuki. Chiriku mwenyewe ndiye aliyechagua. Nilimwambia achague kati ya samaki, nyota na treni, akasema nyuki. Nyuki hata hawakuwamo. Basi, nyuki.

Mdogo wangu anatimiza miaka minne. Juzi tu alikuwa kibogoyo! Jina la Chiriku alibandikwa na Bibi Fundi, jirani yetu mshona nguo, kwa sababu akifungua macho tu na mdomo umefunguka, na haufungwi mpaka alale.

Mama ameomba ruhusa kazini. Anapiga pasi hotelini — mashuka, foronya, vitambaa vya meza — na Jumamosi ndiyo siku wanayozidiwa. Msimamizi amenuna lakini amekubali. Mama aliingia jikoni akitamba: "Mwaka huu keki naikata mimi na mwanangu. Sisikii la mtu!" Miaka yote iliyopita alikuwa zamu ya jioni. Nimetoa picha za siku za kuzaliwa za Chiriku nikaziangalia. Chiriku, keki, na mkono wa Anti umeshika kisu pamoja naye. Mama hayumo hata katika moja.

Anti alikuja kutusaidia nyumbani Chiriku akiwa mchanga kabisa. Aliondoka mwezi wa nne, Mama alipohamishiwa zamu ya asubuhi. Sasa mtoto nitamlea mwenyewe, Mama alisema. Hakukuwa na ugomvi. Anti alifunga begi lake, akaaga vizuri, akaondoka. Chiriku alikuwa chekechea wakati ule. Aliporudi, aliangalia nyuma ya kila mlango.

Jumanne, 4 Juni

Nimetia rangi shuka kuukuu. Shuka limekuwa la njano, nami nimekuwa wa njano mpaka viwikoni. Mwalimu wa hisabati aliniuliza kama naumwa ini. Darasa zima lilicheka. Hata mimi.

Mistari myeusi nitakata kwenye mwavuli uliovunjika. Mabawa — waya na pazia la wavu. Bibi Fundi atashona.

Baba amepiga simu. Lori limeharibika njiani, anasubiri kipuri, hatawahi Jumamosi. Anasema amenunua zawadi kubwa ajabu. Kwa Baba kila zawadi ni kubwa ajabu, hata ile ya soksi.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimefanya jambo jema. Nadhani.

Mwenzangu wa dawati aliniambia kamwona Anti kwenye saluni ya nyuma ya shule, ile yenye mlango wa bluu. Nikapita. Kweli, ni yeye! Anaosha nywele. Amesimama nyuma ya beseni, mikono povu tupu, kichwa cha mteja kimelala mbele yake. Aliponiona akapiga kelele. Mteja naye akapiga kelele — maji yalimwingia sikioni.

"We mtoto, umerefuka hivyo, unamwagiliwa?"

Nikacheka. Halafu akaniuliza kama Chiriku anakula. Nikasema anakula. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama huwa anamtaja.

"Mwanzoni kila siku," nikasema. "Siku hizi mara mojamoja. Akiona mtu kafunga kitambaa kichwani kama wewe."

Anti aliinama akaosha, akaosha, akaosha. Mteja akasema, dada, hizo nywele nazihitaji bado.

Ndipo nikamkaribisha. Jumamosi, saa tisa, sherehe ya nyuki. Akafunga bomba la maji.

"Mama yako anajua?"

"Atafurahi sana," nikasema.

Alijifuta mikono kwa taulo zima. Basi atapitia, akasema. Hatakaa. Atamwona mtoto tu na kuondoka.

Nimerudi nyumbani nikiruka mitaro. Sitamwambia mtu. Iwe shani ya kushtukiza kwa Chiriku, na kwa Mama pia!

Alhamisi, 6 Juni

Taji limekamilika. Kadibodi ya sanduku la viatu, juu yake karatasi ya kung'aa kutoka ndani ya pakiti za majani ya chai. Ni la Mama. Yeye ndiye malkia. Kabla ya kukata keki, nyuki wote watazunguka sebule wakivuma, kisha nyuki mdogo, yaani Chiriku, atamvika mama yake taji. Mama hajui lolote. Nimeipanga mwenyewe hiyo.

Bibi Fundi aliliona akasema nitengeneze mengi, kila mtoto lake. Watoto wakiona kitu kinachong'aa watang'oana mabawa. Nikamweleza kwamba mzinga una malkia mmoja tu. Tumesoma. Wengine ni nyuki vibarua.

"Na ukitengeneza mawili," akasema na pini mdomoni, "nyuki watakuja kukushtaki?"

Nikamwambia, Bibi, tukifundisha watoto tuwafundishe kitu sahihi. Akanitazama juu ya miwani, akaendelea kushona.

Jioni tulifanya mazoezi, mimi na Chiriku, chumbani. Akaniuliza malkia ni nani. Nikamwambia ni mama wa nyuki wote.

"Anawalisha?"

Ukweli ni kwamba malkia hutaga tu. Wanaolisha watoto ni nyuki walezi. Kitabuni ipo, ukurasa mzima. Lakini nilikuwa nakata waya, vidole vinaniuma, na yeye hajatimiza hata miaka minne. Nikasema, "Ndiyo. Anawalisha, anawaogesha, anawalaza."

"Aaa," akasema Chiriku. Kama mtu aliyeelewa.

Ijumaa, 7 Juni

Keki imetoka tanurini imebonyea katikati. Mama kasema hapo katikati ndipo mzinga ulipo, na akajaza krimu.

Amepiga pasi jozi zote kumi za mabawa. Wavu! Kwa pasi ya uvuguvugu, juu ya kitambaa chenye unyevu, bila kuunguza hata moja. Alikuwa akiimba. Nilitaka kumwambia habari za Anti nikaona nitaharibu shani. Nitamwambia kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Juni

Sikumwambia asubuhi.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni chumbani, mgongo mlangoni. Wageni wameondoka. Kuta za sebule bado zimejaa pembesita za karatasi ya njano, mfano wa vyumba vya sega, zile nilizokata wiki nzima. Sitaki kuziona.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Nyuki tisa wa mtaani na Chiriku wa kumi. Walivuma mpaka mtoto wa muuza magazeti akaishiwa pumzi, akalala chali akisema yeye ni nyuki aliyekufa. Akina mama walicheka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kijani. Alipaka wanja! Kila mgeni aliyeingia alimwambia, karibu, leo sina zamu, leo mimi ni mwenye nyumba.

Halafu Anti akabisha hodi.

Nilikuwa nimemwangalia Mama kwa makusudi, nione furaha yake. Niliona uso wake ukisimama. Sijui niandikeje. Haukukunjwa, ulisimama tu, kama saa ikisimama. Kisha akasema, kwa adabu zote, "Karibu, mdogo wangu. Ingia, usisimame mlangoni." Anti akaniangalia. Akamwangalia Mama. Nadhani alielewa palepale. Akasema hakai, amepita tu, akataka kunikabidhi zawadi na kugeuka.

Lakini Chiriku alikuwa ameshamwona. Alikuja mbio toka upande wa pili wa sebule, bawa moja likabaki kwenye kiti. Hakusema neno — Chiriku huyo! Alimkumbatia miguu na kufumba macho.

Hapo ningeweza kuacha. Nalijua hilo sasa. Ningeweza kusema, haya watoto, keki! Taji ningelitupa nyuma ya kochi. Lakini nilikuwa na ratiba yangu na nilidhani sherehe ikiendelea kila kitu kitajirekebisha. Nikapiga makofi. Nikatangaza kwa sauti ile ya mashairi ya shuleni:

"Nyuki mdogo! Mvike taji malkia, mama wa mzinga!"

Chiriku akalichukua taji kwa mikono miwili. Mama alipiga goti kidogo, maana alielewa mchezo, akainamisha kichwa. Alikuwa anatabasamu. Chiriku akampita. Hakumkwepa, alimpita tu, kama mtu anavyopita kiti kwenda mlangoni. Akamvuta Anti ainame.

"Hapana, kipenzi," Anti akasema. "Mpe Mama. Yule pale."

"Ni wewe! Dada amesema. Anawalisha, anawaogesha, anawalaza."

Alikuwa ananitii. Neno kwa neno.

Taji likakaa kichwani kwa Anti. Wageni wakacheka. Watoto bwana, mmoja akasema, hawana aibu! Mama akacheka nao, akainuka, akajifuta goti ambalo halikuwa na vumbi. Akachukua kisu mezani akakigeuza, mpini mbele, akampa Anti. "Haya," akasema, "malkia akate keki." Sauti ilikuwa ya utani kabisa. Anti alikataa mara mbili, tatu. Chiriku alikuwa ameshaushika mkono wake.

Picha alipiga Mama.

Anti hakuonja hata kipande. Nilimsindikiza mpaka getini. Alilivua taji akanipa.

"Nilikuuliza kama anajua," akasema. "Sikukuuliza kama atafurahi."

Akaenda. Chiriku alilia mpaka akatapika krimu.

Bibi Fundi alibaki kuosha vikombe. Akaniambia polepole, maji yakimwagika ili Mama asisikie. Kumbe mwezi wa tatu, Chiriku alipopata homa, Mama aliomba ruhusa kukaa naye, na Chiriku akamsukuma. Namtaka Anti, alisema, wewe nenda kazini. Mama alikwenda kulia kwa Bibi Fundi, kwenye kiti cha wateja. Kesho yake akaanza kumbembeleza msimamizi ambadilishie zamu.

"Hukujua?" Bibi akaniuliza.

Nilikuwa shuleni. Nilikuwa nasoma. Mimi hujua mambo yaliyo vitabuni.

Ningetengeneza mataji kumi. Nani angenishtaki?

Jumapili, 9 Juni

Nimemwomba Mama msamaha asubuhi, nimesimama wima, mikono nyuma. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Akasema, "Najua hukujua, mwanangu," na akaendelea kukunja nguo. Afadhali angenifokea. Angenipa hata adhabu ya vyombo. Vyombo nimeviosha bila kutumwa, na havikunisaidia.

Pembesita nimezibandua zote. Rangi ya ukuta imetoka nazo kidogo.

Mchana huu Chiriku hakutaka kulala. Amechoka, macho mekundu, lakini kila akilazwa anainuka. Mama alimwimbia. Akampigapiga mgongoni. Chiriku akasema siyo hivyo. Mama akamkanda miguu. Siyo hivyo! Mama akauliza, kwa upole wote, basi vipi, mama? Mtoto hawezi kueleza. Anashika sikio lake, anaonyesha, analia kwa hasira kwa sababu hatuelewi.

Mimi nakumbuka kwamba Anti alikuwa anamfanyia kitu sikioni. Nilijaribu. Nilimsugua nyuma ya sikio, kisha kwenye ncha. Alinipiga kofi mkononi.

Mama alikaa ukingoni mwa kitanda muda. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, kama nina namba ya Anti.

Nikasema ninayo.

"Piga."

Nikauliza nikimpata nimwambie nini. Nilikuwa tayari kusema chochote, naapa. Mama akanyoosha mkono akasema lete, nitasema mwenyewe. Nikapiga, nikampa. Nimekuja kukaa hapa mezani, mlango uko wazi, naona mgongo wake na miguu ya Chiriku ikirushwa hewani. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi.

Inaita.

Chiriku amenyamaza, anasikiliza. Mama amemweka mapajani. Vidole vyake viko kwenye sikio la mtoto, vimetulia, vinangoja kuelekezwa.

Imepokelewa! Nasikia saluni kule, mashine ya kukausha nywele, mtu anacheka. Sauti ya Anti inasema haloo, haloo, nani mwenzangu?

"Ni mimi," Mama anasema. "Mama..."

Hajamalizia. Mashine ya kule imezimwa. Anti hajakata.