Picha za Mama Mkwe wa Kiboko

Kambi ya Reli, Kindu
Tarehe 18 Septemba 1983

Mpendwa yaya Odile, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mapendo yote ya mdogo wako. U hali gani, na kile kifua chako kimepona? Shemeji na watoto wanaendeleaje hapo Lubumbashi? Sisi wawili tu wazima, na kila tukila tunakutaja.

Yaya, ndoa ni tamu. Kabeya akirudi kutoka karakana na rangi vidoleni, moyo wangu unaruka kana kwamba sijamwona mwaka mzima. Lakini akienda kazini, nyumba inanyamaza mno. Huku hakuna anayeniita kwa jina langu. Nilikuwa mke wa Kabeya tu, na siku hizi hata hivyo hawaniiti.

Unajua Kabeya huchora katuni kwenye utepe wa picha, nazo huonyeshwa kwa mashine ya mapadri katika ukumbi wa parokia, yeye mwenyewe akiigiza sauti zote. Watu wanampenda sana Kiboko wake, fundi mvivu wa reli. Kila Kiboko akishika tonge, mama mkwe wake anapiga hodi, naye anatorokea dirishani, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami akila. Mama huyo haonekani kamwe. Ni sauti tu na ncha ya kikapu. Hapo ukumbi mzima hupiga kelele: "Kimbia, Kiboko, mukwe anakuya!"

Miezi hii nimekuwa nikilia kwa kumkumbuka mama yetu huko kwenu. Jioni namsimulia Kabeya jinsi mama anavyocheka, anavyofunga kitambaa upande. Basi mume wangu akachora kwa siri katuni mpya, ya mama mkwe peke yake, Kiboko hayumo. Alitaka nimwone mama yetu ukutani. Nani mwingine ana mume kama huyu?

Jumapili iliyopita ukumbi ulijaa. Picha ya kwanza, mama mkwe huyo hapo, mzima mzima, anakula samaki, mdomo umejaa. Zilizofuata, anacheza ngoma. Wanawake walicheka kidogo. Wanaume waliinamisha vichwa, kama vile ni wakwe zao wenyewe wamefumaniwa mezani.

Mzee Matata, mnyapara wa njia ya reli, akasimama. "Kabeya, baba, mama mukwe unamufungulia mulango, sisi wote tuangalie akitafuna? Miye niko na haya. Naenda."

Wengine wakamfuata. Mmoja akasema mlangoni, "Uturudishie Kiboko wetu. Huyu umupeleke kwenu."

Kisha Scholastique, mke wa dereva wa treni, aliyewahi kuishi mtaa wenu, akanigeukia. "Lakini hii kitambaa njo ya mama Kasanda, mama yako. Mukwe anamuchora hivi?" Akabeba mtoto wake, akatoka. Tangu siku ile, nikifika bombani wanawake wanakumbuka kazi zao nyumbani.

Ukumbi ulipobaki mtupu nilimwomba Kabeya aendelee. Nikakaa peke yangu katikati ya mabenchi, mama akacheza mbele yangu mpaka utepe ukaisha. Alimpatia hasa, yaya. Hata mabega.

Najua maneno yatapanda treni. Kabeya ameosha brashi zake na kuzifungia. Tiketi za likizo ya Desemba tunazo, nimeshakunja nguo, lakini anasema hawezi kusimama mbele ya mama.

Nakuomba umwendee mama kabla hajasikia kwa watu. Mwambie mkwe wake hakumdhihaki, na yuko tayari kutoa mbuzi wa kufuta aibu, kama desturi inavyotaka. Mama akikubali kumpokea, tutakuja. Asipokubali, sitapanda treni peke yangu. Mwambie hilo kwa upole, na umwambie pia kwamba sijawahi kumtamani mama kama sasa.

Nisalimie shemeji Florentin, shangazi Léontine na watoto wote mmoja mmoja. Mungu akulinde, akulainishie ulimi siku utakapokaa na mama.

Mdogo wako akupendaye kutoka mbali,
Mauwa wa Kabeya