Ile Rangi ya Fimbo ya Baba

Kwa Anti Kasyoka,
Kawangware 46,
Nairobi.
Jumapili, 16 Machi 2008

Mpendwa kaka Kavoi,

Niaje huko Juba? Natumaini joto halijakumaliza na ile malaria imekuachilia kabisa. Mimi mwili uko sawa. Mama naye hajambo kule Matuu, ni goti tu linalomsumbua akienda shambani, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atamlimia. Anti Kasyoka anakusalimia sana. Tumshukuru Mungu tuko hai sote, maana kuna siku mwaka huu sikuwa na hakika.

Najua kimya changu kimekuudhi. Ulipiga simu mara ngapi, na mimi kila mara, "Niko sawa, fimbo iko sawa," kisha nakata. Haikuwa kweli, Kavoi. Kuna mambo hayatoki kwa simu chumba kikiwa kimejaa watu. Sasa Muigai, yule dereva wa lori, anaondoka Jumanne kuja huko na amekubali kubeba barua na fimbo pia. Kwa hivyo nakuandikia yote.

Uliniuliza kwa nini rangi ilikuwa inakataa kushika fimbo ya Baba ya kuvulia samaki. Ulipoituma Novemba nilikucheka, nikasema huyu kaka yangu amepaka haraka haraka kama anakimbizwa. Lakini mimi mwenyewe, na miaka kumi na moja ya kupaka vitanda na makabati hapo mtaa wa Silanga, niliipaka, ikakauka vizuri, na kesho yake nilipoipinda kidogo tu, rangi ikabanduka vipande vipande. Nikarudia. Ikabanduka tena. Niliona aibu hata kukuambia.

Aliyegundua shida ni Sella. Unamkumbuka, jirani yangu wa mlango kwa mlango, yule wa Bungoma aliyekupikia kuku Krismasi ya mwaka juzi ukaomba kuongezewa. Mume wake alipomwacha na watoto wawili nilimfundisha kazi ya rangi, na tangu hapo tulikuwa na meza moja ya kazi, brashi zetu mkebe mmoja, chai yetu sufuria moja. Siku hiyo alichovya kidole kwenye maji akadondosha tone juu ya fimbo. Tone likakaa hivyo hivyo, mviringo, likakataa kutandaa.

"Nthenya, hii kitu imekula mafuta," akasema. "Kwani baba yenu alikuwa anaipaka nini?"

Hapo ndipo nikakumbuka mshumaa. Baba akirudi kutoka kuvua Masinga alikuwa anaipangusa fimbo, kisha anaisugua na kipande cha mshumaa ili maji yasiiharibu. Hiyo ni miaka na miaka ya nta, na sisi tulikuwa tunapaka rangi juu yake.

Basi ukitaka kujua dawa yake ni hii. Tuliiosha na maji ya moto na sabuni ya unga. Tukaipangusa na thina, ile ya kuyeyushia rangi, tukibadilisha kitambaa kila mara, maana kitambaa kile kile kinachukua nta hapa na kuipeleka pale. Msasa tulipitisha baadaye, si mwanzo. Ukianza na msasa unaisukuma nta ndani zaidi. Tulitumia msasa laini na maji kidogo mpaka mng'ao wote ukaisha, ikabaki na ule ukungu. Kisha rangi ya chini, nyepesi, na tukaiacha siku mbili bila kuishika kwa mkono mtupu. Rangi yenyewe inapakwa mara tatu, kila mara nyembamba kabisa. Fimbo si kabati, inapinda, na rangi nzito ikipindwa inapasuka.

Chini ya mpini tulipata kipande kidogo cha rangi ya zamani ambacho jua halikuwahi kukifikia. Kijani cheusi, kile kile unachokikumbuka. Sella na mimi tulimaliza asubuhi nzima tukichanganya, kijani, tone la nyeusi, tone la manjano, tukilinganisha juani, mpaka ukiziweka pamoja hujui ipi ni ipi. Rangi hiyo haiuzwi duka lolote. Tuliimimina kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo na Sella akaenda nao kwake, kwa sababu paa lake halivuji. Tulipaka mara moja kabla ya kura, tukasema zile mbili zilizobaki ni za baada ya sikukuu.

Baada ya kura unajua kilichotokea, mliona kwa televisheni. Siku za kwanza Sella ndiye aliyeniletea unga na maji, maana niliogopa kutoka. Halafu yule mwanasiasa wetu Mkamba alipoingia serikali ambayo mtaa wetu uliipinga, watu wetu wakaanza kuitwa wasaliti. Watu niliowapakia vitanda vya harusi wakawa wananipita bila salamu. Sella akaniambia, "Usijali. Hapa wewe ni mtu wetu, hakuna atakayekugusa." Nilimwamini, Kavoi. Anti Kasyoka alinipigia simu mara tatu nihamie huku, nikakataa kwa sababu ya neno hilo.

Alhamisi, tarehe kumi Januari, nilitoka kutafuta mboga ya sukuma. Nilirudi saa tano asubuhi nikakuta alama ya X kwenye mlango wangu, kubwa, kutoka juu mpaka chini. Niliigusa. Ilikuwa bado mbichi. Nikaangalia kidole changu, na kilikuwa kijani kile cheusi.

Nilienda kwa Sella mbio nikagonga. "Sella! Nifungulie, Sella!" Redio ilikuwa inaongea ndani. Nilipoita mara ya pili ikapunguzwa sauti. Ukuta wetu ni bati tu, nilisikia kiti kikisogezwa. Mlango haukufunguliwa. Nikamwita mara ya tatu, pole pole sasa, kama unavyomwita mtu aliyelala, halafu nikaacha.

Nilichukua kitambulisho, picha ya Baba na sweta, nikaondoka kwa miguu. Nilizungukia upande wa bwawa, pale Dam, nikatokea Mbagathi, nikashika Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, nikafika kwa Anti Kasyoka. Alasiri hiyo hiyo, nilisikia baadaye, vijana walivamia chumba changu Silanga. Walibeba kitanda, meko, nguo, mpaka mlango wenyewe. Hata huku Kawangware hakukuwa na amani, wapangaji walikuwa wanafukuzana wao kwa wao, na tulikaa wiki nzima ndani tukila uji. Vitu sikuvililia. Nilichokililia ni ile redio iliyopunguzwa sauti.

Jumanne iliyopita, baada ya wakubwa wa siasa kukubaliana, nilirudi Silanga mchana. Chumba changu kina mpangaji mwingine. Sella nilimkuta kwenye meza yetu akipaka kitanda. Aliponiona brashi ilimwanguka.

"Nthenya. Uko hai."

"Ni wewe ulipaka mlango wangu?"

Akaanza kulia. "Walikuja ukiwa umetoka. Wakauliza kwa Mkamba ni wapi, wakasema nipake mimi mwenyewe ndio wajue niko upande gani. Ningekataa wangechoma kwangu, watoto wakiwa ndani."

"Hiyo naelewa," nikamwambia, na ni kweli naelewa. "Pengine hata mimi ningepaka. Lakini nilikuja nikabisha kwako. Walikuwa wameshaenda. Ulinisikia, ukapunguza redio. Ungesema tu 'kimbia', Sella. Neno moja."

Aliiokota ile brashi. Kisha akasema, "Niliona aibu. Sikuweza kukuangalia."

"Kwa hivyo mimi nife kwa sababu wewe unaona aibu?"

Aliingia ndani akatoka na fimbo ya Baba, imefungwa kwenye leso. Aliificha chini ya godoro wakati meza yetu ilipovamiwa. Zile mara mbili za rangi zilizobaki alizipaka mwenyewe, na vile vipete vya kupitisha mshipi alikuwa amevifunga upya kwa uzi mwekundu. Niliipinda pale pale mbele yake. Haikubanduka hata kidogo. Kazi safi kuliko yangu, nakuambia ukweli.

Niliichukua nikaondoka. Sikumwambia asante wala kwaheri.

Sasa sikiliza, kaka, hapa ndipo nataka unisamehe. Alhamisi niliketi nje hapa kwa Anti nikachukua msasa, nikaiparura ile kijani yote. Anti aliniuliza kama nimerukwa na akili. Akasema Sella ni mama, na mama akitishiwa watoto hana la kufanya. Nikamjibu kwamba najua, nikaendelea kuparura. Sikutaka ushike rangi ile mkononi ukifikiri ni ya Baba. Nyingine kama hiyo siwezi kuichanganya tena, kile kipande cha mfano pia kiliisha chini ya msasa. Nimeipaka nyeusi. Kwa hivyo usishangae ukifungua. Rangi imeshika, ila iache wiki mbili kabla ya kuiingiza mtoni.

Mimi nimepata chumba mtaa wa Satellite, na fundi mmoja wa mbao, mzee Murunga, amenipa nafasi kwenye karakana yake. Naanza kesho.

Nisalimie Geoffrey na wote mnaofanya kazi pamoja. Mungu akulinde barabarani na akurudishe nyumbani ukiwa mzima, Mama anahesabu miezi.

Na jambo moja tu. Barua zako zote unamalizia kwa "mwambie Sella namsalimia". Usiandike hivyo tena.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Nthenya