Mwanangu Kaazimwa Mto wa Watu

Mshauri wetu Bi Swabra, shikamoo, naomba unishike mkono kabla sijaivunja nyumba yangu mwenyewe, mimi naitwa Ruwa, naendesha kreni bandarini na nakaa Kiembeni, mke wangu Purity alipata kazi ya kutunza wazee huko Nyuzilandi na mwaka huu akamchukua binti yetu Nyevu, wa miaka minane, nami nikaridhia. Sasa shule aliyoingia inafuata desturi ya Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, mtoto mgeni haingii tu darasani, anasimama langoni na watu wake, mama mmoja anawaita kwa sauti ndefu, wanaingia polepole, kisha mtu wa upande wa mtoto anazungumza, na mtoto mwenyewe anataja mlima wa kwao na mto wa kwao. Purity aliniandikia mara tatu, "Baba Nyevu, mlima wenu unaitwaje, na mto, na uturekodie maneno ya kusema," lakini mimi ni mzee wa kanisa, nikaona hayo ni mambo ya mizimu, nikanyamaza.

Wiki juzi nikaletewa video. Mshauri, niliyoyaona! Anayeusemea ukoo wangu ni mwanamume aitwaye Fidel, jirani yao huko, mtu wa Siaya, ati "mimi ni mdomo wa kuazima tu, mwenye mtoto ni Ruwa, yuko Mombasa," kisha mwanangu akasimama mbele ya shule nzima akasema, "Mlima wangu ni Mwakirunge." Mwakirunge! Lile rundo la takataka alilokuwa akiliona tukienda shamba! Kwenye mto akakwama, Fidel akamnong'oneza, mtoto akasema, "Mto wangu ni Yala." Mgiriama gani ana mto Yala, mto wa kwao Fidel, na kila mtu anajua mlima wetu ni Mwangea na mto wetu ni Sabaki? Halafu watoto wakapanga foleni kugusana naye pua, ati ndiyo salamu yao, naye anacheka! Nikampigia Purity nikamwambia Desemba mtoto arudi, akanijibu, "Arudi kwa nani, kwa mtu asiyejibu?" nikakata simu, na leo siku ya tisa hatuzungumzi. Je, nimshtaki kwa wazee, au nimtafute huyo Fidel nimpe maneno yake?

Ruwa, Kiembeni

Marahaba, Bwana Ruwa. Pole, maana kumwona mwanao akikwama mbele ya watu kunauma. Ila hasira yako umeipeleka nyumba isiyo yake. Unasema kila mtu anajua Mwangea na Sabaki. Kila mtu, isipokuwa Nyevu! Miaka minane amelala chini ya paa lako, na hukuwahi kumwambia? Aliulizwa mlima, akataja aliouona kwa macho yake. Mtoto hakukosea.

Na mizimu inaingilia wapi hapo? Mtu kuulizwa kwao ni wapi ni dhambi? Hata hapa kwetu bibi arusi haingii nyumba ya watu kabla wageni na wenyeji hawajasemezana. Wale wamemheshimu mwanao kuliko shule tele za hapa, ambapo mgeni huonyeshwa dawati akaambiwa anyamaze. Na huyo Fidel, wallahi, unamtafutia maneno gani? Alipata nafasi ya kujifanya baba, akakutaja wewe kwa jina. Wazee nao uwaache. Wakikuuliza kwa nini hukujibu ulipoulizwa mara tatu, utasema nini?

Piga simu leo hii. Anza na Purity, umwambie "nimekosa," na usitie "lakini" nyuma yake. Umtumie Fidel salamu za shukrani. Habari ya kumrudisha mtoto sitaki kuisikia tena. Likizo waje wote wawili, mwende Mwangea aupande kwa miguu yake. Kisha, kwenye simu hiyohiyo, omba uzungumze na Nyevu mwenyewe. Mtajie babu yake, na baba wa babu yake, polepole, arudie mpaka ashike. Na umtake radhi yeye pia, si mama yake tu, kwa sababu siku ile ulimwacha ajibu swali lililokuwa lako, na hakulia.